Mgeni Pekee wa Jamhuri ya Pembenne

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani yoyote. Msomaji akihisi anaijua, basi atakuwa ameijulia kwingine, si kwangu. Inaitwa Jamhuri ya Pembenne, na wananchi wake ni watu wema, wasikivu, wanaopenda sana kuhesabiwa. Nasema wanapenda kwa sababu Waziri alisema hivyo redioni, na hakuna aliyempigia simu kumkanusha.

Sensa zenyewe ndizo zilizokuwa na matatizo. Ya kwanza ilifanywa na wakoloni, waliotaka kujua wa kumtoza kodi ni nani. Habari ziliwatangulia, watu wakaingia msituni, na ripoti ikaandika kwamba Pembenne ina wazee wachache wasioweza kukimbia, na kuku wengi. Ya pili ilikuja baada ya uhuru. Safari hii wilaya ziliambiwa kwamba penye watu wengi ndipo patakapopata wabunge wengi, kwa hiyo wakuu wa wilaya wakahesabu waliopo, waliofariki, na waliotarajiwa. Ya tatu ilifanywa kwa helikopta, ili nchi iende na wakati. Kijiji kizima kilitoka nje kuishangaa, kikahesabiwa, kisha kikaikimbilia hadi kijiji cha pili, kikahesabiwa tena pamoja na watu wa huko. Kwa takwimu hizo ndipo tulipojengewa uwanja wa mpira ambao hadi leo haujawahi kujaa hata upande mmoja.

Sensa ya nne ndiyo iliyomkuta Bi Mwajabu Kilungi, fundi wa magodoro ya sufi katika mtaa wa Mivinjeni, pale mji mkuu.

Sensa hiyo ilikuwa ya Mheshimiwa Profesa Jabali Nyangumbe, Waziri wa Asili na Chimbuko. Aliizindua kwa hotuba ndefu iliyowafanya watu wa mbele wasimame ili wasisinzie, na Waziri akadhani wanampa heshima.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumehesabiwa mara tatu bila kujuana. Sasa Serikali yenu sikivu itamuuliza kila mtu babu yake alitokea wapi. Atakayebainika kwamba babu yake alitoka nje ya mipaka yetu, hatutamdhuru. Tutamrudisha kwao kwa heshima, katika basi lenye kiyoyozi."

Bunge likapitisha Sheria ya Chimbuko siku hiyohiyo. Ilikuwa na sentensi moja tu, na Waziri aliitunga mwenyewe: Mtu yeyote ambaye asili yake ni tofauti na ya raia wenzake atarudishwa mahali asili yake ilipotoka. Wabunge waliisifu kwa ufupi wake. Wengi walikuwa na safari.

Wakati Waziri anatoka bungeni, mwandishi mmoja wa habari alimuuliza watu wa ukoo wake walitoka wapi.

"Hapahapa," Waziri akajibu.

"Hapahapa wapi, Mheshimiwa?"

Waziri alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatazama chini. "Ardhini," akasema. "Wahenga wangu walitoka ardhini. Shimo lipo shambani kwetu."

Kesho yake shimo likaonyeshwa kwenye televisheni. Udongo wake ulikuwa mbichi, lakini mtangazaji alieleza kwamba udongo wa kihistoria ndivyo ulivyo.

*

Karani aliyepangiwa Mivinjeni aliitwa Fidelisi Mandondo. Alikuwa mtu mpole aliyesota sana bila ajira tangu amalize chuo, na kizibao chake cha sensa alikivaa hata kanisani. Alimkuta Bi Mwajabu amekaa katikati ya rundo la sufi, na nyuzi nyeupe zimemjaa kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ila usinikanyagie sufi."

"Nimekuja kukuhesabu."

"Haya, nihesabu."

Fidelisi akamhesabu, akapata mmoja. Kisha akamuuliza babu yake alitokea wapi.

Bi Mwajabu aliweka sindano chini. Watoto wake walikuwa wamekua na kuhama, mumewe alishafariki, na ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kumuuliza habari za babu yake. Alifurahi waziwazi.

"Babu Kilungi alitoka ng'ambo ya mto Mdaule," akasema. "Huko kwao mkwe anaheshimiwa mno. Hamkutani uso kwa uso. Ukimwona anakuja, unajificha mpaka apite. Sasa mama mkwe wake babu alikuwa mtu wa kutembeatembea. Babu akienda shamba, huyo anakuja, babu anaingia kwenye majani. Akienda mtoni kuoga, huyo anakuja, babu anazama. Siku moja alimwona kwa mbali, akajibanza nyuma ya mti. Yule mama akaja upande uleule. Babu akahamia mti wa pili. Akaja tena. Babu akaenda hivyohivyo, mti kwa mti, akavuka mto, akaendelea. Alipotulia na kuuliza yuko wapi, akaambiwa hapa ni Pembenne."

"Na bibi yako?"

"Bibi alimtafuta hadi akampata. Akamwambia, mume wangu, umemheshimu mama hadi umevuka mpaka."

Fidelisi alicheka hadi akatoa kitambaa kufuta macho. Bi Mwajabu naye alisimama akamwonyesha jinsi babu, mgongo ukiwa umeshapinda kwa uzee, alivyokuwa akijificha nyuma ya magodoro ili wajukuu waone ilivyokuwa. Ndipo Fidelisi alipokumbuka kazi iliyomleta, na uso ukamshuka.

"Mama, haya maneno yatakufanya mgeni."

"Mgeni vipi? Mimi nimezaliwa hapo nyuma ya pazia."

"Wewe umezaliwa hapo, sikatai. Babu ndiye aliyekuharibia."

Hakuandika kitu siku hiyo. Alisema atarudi.

*

Aliporudi, nchi ilikuwa inachimba. Watu walikuwa wamemwona Waziri na shimo lake, na hakuna aliyetaka kupakiwa kwenye basi, hata likiwa na kiyoyozi. Kila ukoo ukagundua kwamba ulitoka ardhini. Wizara ikalazimika kuunda Idara ya Uthibitisho wa Mashimo, na wakaguzi wake wakapita mitaani na kamba ya kupimia. Shimo lilipaswa kumtosha mtu mzima, na mkaguzi aridhike kwamba ni la kutokea, si la kuingilia. Namna ya kutofautisha haikuelezwa, hivyo mkaguzi alihitaji chai kwanza.

Jirani yake Bi Mwajabu, Mzee Chilumba, mkuu wa stesheni mstaafu, alichimba shimo ambalo mtaa mzima ulikwenda kuliona. Lilikuwa na ngazi, vigae na taa ya umeme. Alieleza kwamba wahenga wake walikuwa watu wa hali ya juu. Wakazi wa magorofa, ambao hawakuwa na uwanja, walitoboa sakafu. Familia moja ya ghorofa ya nne ilithibitishwa kuwa ilitokea hapohapo sebuleni, na familia ya ghorofa ya tatu ikaandikwa kuwa ndiyo ardhi.

Fidelisi alifika kwa Bi Mwajabu na jembe begani.

"Mama, nitakuchimbia mwenyewe. Fupi tu, hapo nyuma ya choo. Hakuna atakayeuliza."

"Mwanangu, kaa kwanza."

Akakaa juu ya godoro lililokuwa bado halijashonwa, likamfunika hadi mabegani.

"Babu yangu hakuacha picha," Bi Mwajabu akasema. "Kaburi lake lilipitiwa na barabara. Nilichobakiwa nacho ni kule kujificha kwake. Nikisema alitoka shimoni, yule wa nyuma ya miti nimpeleke wapi? Nitakuwa nimemfukuza mimi, kabla hata Serikali haijanifukuza."

"Watakuchukulia nyumba, mama. Na karakana."

"Najua."

"Utaenda wapi?"

"Sijui. Andika."

Fidelisi akaandika neno Mgeni, kwa herufi ndogo, kana kwamba udogo ungesaidia. Alipoondoka alisahau jembe lake. Bi Mwajabu hakula siku hiyo. Alikaa akiitazama nyumba yake, dirisha lililoziba, ukuta uliopasuka, na kwa mara ya kwanza akaiona nzuri.

*

Matokeo yalitangazwa na Waziri kwa shangwe. Raia wote wa Pembenne walikuwa wenyeji kamili waliotoka ardhini, isipokuwa mmoja.

Makofi yalipopigwa, mtu mmoja hakupiga. Huyu alikuwa Bwana Eliakimu Songoro, Mkurugenzi wa Kurudisha Wageni. Kurugenzi yake ilikuwa imejiandaa kupokea wageni laki kadhaa. Alikuwa na manaibu, madereva, wapishi, bendi ya matarumbeta na msururu wa mabasi mapya. Hati zote zilikuwa zimeshachapwa neno wageni, kwa wingi, na Bwana Songoro hakuwa mtu wa kuruka maandishi.

"Wewe ndiye wageni?" alimuuliza Bi Mwajabu mlangoni.

"Ni mimi."

"Wageni wamelalaje?"

"Wamelala salama, baba."

"Wajiandae. Keshokutwa wanaondoka. Wasisukumane."

Siku ya safari mabasi yote yalitoka, maana kila dereva alitakiwa asaini kwamba amebeba wageni. Ikabidi Bi Mwajabu ahamishwe. Aliingia basi la kwanza, likasogea kidogo, akashushwa, akapandishwa la pili, na kuendelea, huku bendi ikipiga wimbo wa kuaga kila anapopanda. Fidelisi aliomba amsindikize, akambebea fuko la sufi aliloshikilia kwenda nalo. Katika basi la mwisho Bi Mwajabu alikuwa ameshachoka kuogopa. Alilala.

Mtoni, katikati ya daraja, walikutana na ofisa wa nchi ya jirani, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alisikiliza habari ya babu na mama mkwe hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Pole sana, mama. Lakini na sisi tumefanya sensa. Watu wetu wote walishuka kutoka mbinguni kwa kamba. Mnayo kamba?"

"Hatuna," akasema Bwana Songoro.

"Basi si wetu. Huyo babu aliyetembea kwa miguu, sina pa kumweka."

Wakabishana, wakaonyeshana mihuri. Wakati huo Bi Mwajabu alikuwa ameshika ukingo wa daraja, anatazama ng'ambo. Kulikuwa na miti, imesimama mbalimbali, kutoka kilimani hadi majini.

"Fidelisi," akaita polepole. "Hebu tazama. Mtu angeweza kabisa kujificha."

Fidelisi akatazama. "Ule mnene pale ungemtosha," akasema.

"Ule ulimtosha. Na ule wa pembeni."

Wakahesabu miti yote hadi ukingoni, wawili hao, bila kizibao wala hati. Bwana Songoro alipokuja kumwambia kwamba anarudishwa Mivinjeni hadi suala lake litakapojadiliwa, alimkuta anatabasamu, akamwandikia kwamba wageni wana utovu wa huzuni.

*

Njiani Bwana Songoro alifikiri kwa makini. Bi Mwajabu angeondoka, kurugenzi ingefungwa. Kwa kuwa hakuondoka, kurugenzi ilikuwepo, na kwa kuwa ilikuwepo, ilikuwa lazima ifanye kazi. Wafadhili nao wangekuja kukagua jinsi wageni wanavyotunzwa.

Wiki hiyohiyo barabara ya kwa Bi Mwajabu ikawekwa lami, hadi mlangoni kwake na si zaidi. Bomba lake likaanza kutoa maji, mchana na usiku. Daktari akawa anapita kila asubuhi kuuliza kama wageni wanakohoa. Mpishi wa kurugenzi akamletea pilau kwenye sufuria ya watu mia, na Bi Mwajabu akawa anagawa mtaa mzima.

Kisha mvua zikaja. Mashimo yote ya nchi yakajaa maji. Mbuzi wakatumbukia, walevi wakatumbukia, na vyura wakapata makazi ambayo hawakuyaota. Familia ya ghorofa ya nne ikamtumbukiza shemeji yao kwa majirani wa chini wakati wa chakula. Hakuna aliyethubutu kufukia, kwa sababu kufukia asili yako lilikuwa kosa la jinai.

Siku moja Mzee Chilumba alikuja kuchota maji kwa Bi Mwajabu. Suruali yake ilikuwa na tope hadi magotini, kwa kuwa ili kufika barabarani ilimbidi apite kwa wahenga wake. Fidelisi alikuwa hapo barazani, anakula pilau.

"Karani," Mzee akasema huku ndoo inajaa, "hivi mtu akikumbuka jambo baada ya sensa, inakuwaje?"

"Jambo gani, mzee?"

Mzee Chilumba akakohoa. "Babu yangu alikuwa mpiga tarumbeta wa jeshi. Jeshi lenyewe sikumbuki lilikuwa la nani. Lilipita hapa linakwenda vitani. Babu akalala chini ya mkorosho, na alipoamka jeshi halipo. Akapiga tarumbeta kuwaita. Hawakuja. Akaoa."

Kisha Bi Mwajabu akaanza kucheka, na Mzee Chilumba, aliyekuwa akiificha habari hiyo tangu ujana wake, akacheka naye hadi maji yakamwagika.

"Na baada ya hapo aliendelea kupiga?" Bi Mwajabu akauliza.

"Kila Ijumaa. Alisema huenda wamechelewa tu."

Fidelisi akaandika. Jioni Mzee akaunganishiwa bomba, kwa kuwa sasa wageni walikuwa wawili. Siku iliyofuata walikuja majirani wengine. Mmoja alikumbuka kwamba bibi yake aliingia nchini akilifukuza kundi la nyuki wake. Mwingine, kwamba babu zake walikuja kwenye msiba, wakakuta chakula ni kizuri, wakangoja arobaini, na hawakuondoka tena. Foleni ikafika barabara kuu. Sitawadanganya kwamba wote walikuja kwa ajili ya ukweli. Wengi walikuja kwa ajili ya maji. Lakini walipofika mezani kwa Fidelisi na kuanza kusimulia, walisahau maji. Watu walikwenda kuwaleta bibi zao kwa mikokoteni ili wasahihishe majina. Walikaa kwenye foleni wakisimuliana, na aliyefika mbele mara nyingine alirudi nyuma akasikilize mwisho wa habari ya mwenzake. Fidelisi mwenyewe alimpigia simu mama yake, wakaongea muda mrefu, na alipomaliza alijiandika kimyakimya.

Kabla mvua hazijakatika, foleni kama hiyo ilikuwa imeenea wilaya zote, na Wizara ikapokea takwimu mpya. Raia wote wa Pembenne walikuwa wageni, isipokuwa mmoja.

*

Bwana Songoro aliisoma Sheria ya Chimbuko mara mbili, kisha akaita mabasi.

Walimkuta Waziri shambani kwake, amesimama kando ya shimo akiwa na suti, kwa kuwa alidhani wamekuja kuhiji. Watu wengi walikuwa wamefuatana na msafara. Bi Mwajabu alikuwa mbele, maana kurugenzi ilitaka wageni wawepo.

"Mheshimiwa," Bwana Songoro akasema kwa heshima zote, "imethibitika kwamba asili yako ni tofauti na ya raia wenzako. Sheria inasema urudishwe mahali asili yako ilipotoka. Ilitoka humu. Karibu."

Bendi ikapiga wimbo wa kuaga.

Waziri alichungulia. Chini kulikuwa na maji ya kahawia, na chura mmoja aliyemtazama bila woga.

"Songoro, hii sheria niliitunga mimi."

"Ni sheria nzuri sana, Mheshimiwa. Nimetafuta mwanya, hauna."

Waziri aliweka mguu mmoja kwenye ngazi iliyoteremka shimoni. Watu waliokuwa wakicheka wakaacha, kwa sababu walimwona anashuka kweli. Bi Mwajabu akasogea hadi ukingoni.

"Mheshimiwa," akamwambia kwa sauti ya chini, "bibi yako alikuwa mtu wa wapi?"

"Mimi sina..." Waziri akaanza, akaishia hapo. Alibaki ameshika ngazi. Bendi ilikuwa imekosa la kupiga.

"Alikuja na lori la vitunguu," akasema hatimaye.

"Kutoka wapi?"

"Mbali. Alikuwa na mama yangu, wakati huo mtoto mdogo. Walimlaza katikati ya magunia asionekane mpakani, bibi akamwambia, chochote kitakachotokea, usipige chafya. Safari nzima mama hakupiga chafya. Walipofika mjini, bibi akamwambia sasa ruksa, na akapiga chafya kuanzia sokoni hadi nyumba waliyopanga. Watu walikuwa wanatoka milangoni kutazama." Akajifuta uso kwa tai. "Hadi anazeeka, mama akimenya kitunguu alikuwa anacheka peke yake jikoni. Mimi nilikuwa namwambia anyamaze, kuna watu wanasikia."

Bi Mwajabu akampa mkono, akamtoa kwenye ngazi.

"Bibi aliitwa nani, Mheshimiwa?" Fidelisi akauliza, kalamu mkononi.

"Nyamizi," akasema Waziri. Akalirudia jina hilo kwa sauti zaidi, ingawa Fidelisi alikuwa ameshalisikia.

Bwana Songoro aliiangalia sheria, akaangalia watu, akaona kwamba hakuna tena aliye tofauti na mwenzake. Akawaagiza madereva wawapeleke wote nyumbani. Waziri alipanda basi la kwanza, akakaa kwenye kiti cha kati na viatu vyake vya tope, na njia nzima akawa anasimulia ile chafya. Kila alipofika mwisho, watu wa viti vya nyuma walimwomba aanze upya, kwa kuwa wao hawakusikia vizuri.